Kebo za antena zipite wapi, na hiyo "ethi ya redio peke yake" imetoka wapi?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Mwaka huu nimepata leseni ya redio ya ridhaa, nipo Nyegezi, Mwanza. Nina antena mbili: dipole (antena ya waya) ya bendi ya mita 40 niliyoifunga kutoka kona ya nyumba hadi kwenye mwembe, na antena ya wima ya bendi ya mita 2 iliyo juu ya paa la bati. Chumba cha redio kiko ghorofani, upande wa nyuma. Mita ya LUKU na ethi ya nyumba viko mbele. Kwa sasa kebo zinaingilia dirisha la luva. Nilitoa kioo kimoja, na mvua ya upepo ikija maji yanafika mezani. Nataka kutoboa ukuta niache kusumbuka. Fundi aliyekuja kuangalia kazi ananishauri nipige ethi ya redio peke yake huku nyuma, isikutane kabisa na ethi ya nyumba, ili redio ipate "ethi safi" na radi isiingie kwenye umeme wa ndani. Naomba kujua tundu liwe la ukubwa gani, na ethi hiyo mpya ikae umbali gani kutoka ile ya mita.

JIBU: Ndugu msomaji, hongera kwa leseni. La tundu ni jepesi, nitalifikia. Lililonifanya niweke kando maswali mengine ni hilo la ethi, maana maneno ya fundi wako nayakuta kila mahali: kwa watu wa redio, kwa waliofunga madishi, kwa waliofunga sola, hata kwenye ofisi zenye kompyuta za mamilioni. Unauliza umbali. Hakuna umbali. Ethi hizo mbili zinatakiwa ziunganishwe kwa waya mnene wa shaba, na fundi anayekuambia zisikutane hajawahi kufuatilia waya mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tufuatilie basi. Radi ikipiga mwembe wako, sehemu ya mkondo wake inarukia dipole na kushuka kwenye wavu wa nje wa kebo ya koaksi, ile ya antena yenye waya katikati na wavu kuuzunguka. Wavu umekazwa kwenye konekta, konekta imekazwa kwenye bodi ya redio, bodi imeshikana na ethi ya pawa saplai, na ethi ya pawa saplai inaingia kwenye soketi na kukimbia ukutani mpaka kwenye ethi rodi ya mbele. Kwa hiyo ethi "zisizokutana" zinakutana tayari, na mahali zinapokutana ni ndani ya redio yako, kwenye njia za shaba nyembamba kuliko kucha.

Sasa weka hesabu. Mpigo wa kawaida wa radi hubeba takriban ampea 30,000. Tuseme ethi mpya ya fundi wako ina ukinzani wa omu 20, na kwa mawe ya Mwanza hapo nimemhurumia sana. Zidisha: volti 600,000. Hivyo ndivyo rodi ya nyuma inavyopanda, huku rodi ya mbele ikiwa imetulia kwenye udongo wake kama hakuna kilichotokea. Hata ukisema ni sehemu moja ya kumi tu ya radi iliyokufikia, bado zimebaki volti 60,000 zinazotafuta pa kupita kutoka rodi moja hadi nyingine, na njia iliyo wazi ni ile tuliyoifuata sasa hivi. Ethi ya pekee imeifanya redio iwe daraja.

Ndege hutua kwenye waya wa msongo mkubwa akajinyonyoa manyoya kwa raha zake, kwa kuwa miguu yake yote miwili iko kwenye volti ileile. Ethi zikiunganishwa, nyumba nayo hukaa hivyo. Radi ikishuka, bodi ya redio inapanda, ethi ya soketi inapanda, friji inapanda, bomba la maji linapanda. Vyote vinapanda kwa maelfu ya volti, lakini vinapanda pamoja, na kinachounguza kifaa ni tofauti ya volti kati ya sehemu zake mbili. Watu wanadhani kazi ya ethi ni kumeza radi iishie chini. Ardhi ya kumeza ampea 30,000 bila kupandisha volti haipo, Mwanza wala Bagamoyo.

Hili si wazo langu. Kanuni za umeme za Marekani, zile zinazoitwa NEC, katika kifungu cha 810 zinataka ethi ya antena iunganishwe na ethi ya nyumba kwa waya wa shaba usiopungua namba 6 AWG (vipimo vya nyaya vya Marekani), yaani kama milimita 13 za mraba. Kiwango cha kimataifa cha kinga ya radi, IEC 62305, kinataka shaba ya milimita 16 za mraba kwa waya wa namna hiyo. Madukani kwetu 16 inapatikana bila shida. Nunua hiyo.

Hapa wajuaji nao huteleza. Wanasikia "unganisha", wanachukua waya wa 2.5, wanaupitisha darini, wanaukunja kona saba, wanaufikisha kwenye mita na kukusanya vifaa vyao. Kipimo cha omu kinasoma karibu sifuri, mteja anafurahi. Lakini waya una ukaidi mwingine ambao kipimo kile hakiuoni. Unaitwa indaktansi, nao huonekana tu mkondo unapobadilika ghafla, na radi hufika kileleni ndani ya mikrosekunde chache. Kila mita ya waya ulionyooka ina takriban mikrohenri 1. Ampea 10,000 zikipanda ndani ya mikrosekunde 2, kati ya ncha mbili za mita hiyo moja panatokea volti 5,000. Kama kutoka chumba chako hadi mbele ni mita 20, hizo ni volti 100,000 juu ya waya ambao fundi ameupima na kukuambia ni mzima.

Ndiyo maana kwa nyumba kama yako, mita mbele na redio nyuma, kuunganisha rodi mbili ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kwamba kila waya unaokwenda kwenye meza ya redio upite sehemu moja: kebo za antena, waya wa umeme wa chumba kile, waya wa intaneti kama upo, na waya wa mota ya kuzungushia antena siku ukiipata. Vyote vipite kwenye bamba moja la chuma na vishikane hapo. Bamba likipanda, meza nzima inapanda nalo.

Bamba lenyewe ni hivi. Milimita 3 za unene, ukubwa wa karatasi ya A4 au kidogo zaidi, limefungwa ukutani kwa nje, ndani ya boksi lisiloingiza mvua. Shaba ndiyo bora kwa umeme, ila shaba iliyo nje ya nyumba mara nyingi huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa hiyo alumini inatosha. Usiifukie tu, italika. Na mahali alumini inapokutana na shaba tumia boliti na washa za chuma kisichoshika kutu, usizigusanishe zenyewe kwa zenyewe.

Liweke chini, karibu na ardhi. Usilipeleke ghorofani dirishani, hata kama ndiko zinakoingilia kebo sasa. Kebo zishuke kutoka juu, zipite kwenye aresta (vikinga radi vya kebo) zilizokazwa moja kwa moja kwenye bamba, kisha zipande ghorofani ndani ya bomba. Kutoka kwenye bamba, utepe mpana wa shaba au waya mnene uende kwenye rodi iliyo chini yake papo hapo, mfupi na mnyoofu kadiri inavyowezekana. Utepe mpana una indaktansi ndogo kuliko waya wa mviringo wenye shaba ileile. Waya wa umeme wa chumba cha redio nao upitishwe hapo jirani, ufungiwe kikinga serji (cha kuzuia volti zinazoruka ghafla) kinachokaa pamoja na sakiti breka, na ethi yake ikazwe kwenye bamba. Kazi hii ya mwisho mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na pasiwe na mkono utakaogusa mita wala lakiri za TANESCO. Pa kuungia ni kwenye rodi ya nyumba au kwenye baa ya ethi ya ubao wako wa sakiti breka.

Utaniambia kebo itakuwa ndefu. Ni kweli, na kama uliinunulia antena ya mita 2 kebo ya RG-58 utaumia. Kwenye 145 MHz inapoteza karibu desibeli 20 kwa mita 100, kwa hiyo mita 15 za ziada zinakula nusu ya nguvu yako. RG-213 kwa umbali huohuo inakula desibeli 1.3 hivi, yaani kama robo tu. Badilisha kebo. Kwa dipole yako ya mita 40 hasara ni ndogo kwa kebo yoyote ya maana.

Rodi kwenye mawe ni shida nyingine. Kule kwenu mtu anagonga rodi ya futi nne, inaingia futi moja, inagota jiwe, anaikata kwa gurudumu na kuufunika ushahidi kwa udongo. Nimezikuta nyingi. Kama haiingii, achana nayo, tandaza: chimba mtaro wa nusu mita kwenda chini, mita moja kutoka ukutani, uzungushe waya mtupu wa shaba pembeni mwa nyumba mpaka uikute rodi ya mita. Pale udongo unaporuhusu, gonga rodi na uifunge kwa klampu. Mtaro huo ndio unaounganisha ethi ya nyuma na ya mbele, kwa hiyo unakuwa umemaliza mambo mawili kwa jembe moja. Mlingoti wa antena ya paani nao ushushiwe waya wake kwa nje ya ukuta hadi kwenye mzunguko huo, usipitie darini. Usitegemee kwamba kebo itaifanya kazi hiyo.

Na tundu sasa. RG-213 ina kipenyo cha milimita 10.3, na konekta ya PL-259 ni pana karibu mara mbili ya hapo. Chomeka bomba la PVC la milimita 40 au 50 kwenye ukuta, ili siku ukiongeza kebo ya tatu usitoboe tena. Toboa kwa mwinamo, upande wa nje uwe chini kuliko wa ndani. Kabla kebo haijaingia, iache ining'inie chini ya tundu kisha ipande kuingia. Maji yanayotambaa juu yake yatadondoka pale inapopinda. Hilo pekee litamaliza mvua ya mezani kwako. Ziba mdomo wa bomba dhidi ya nyigu, mijusi na panya, ila silikoni inayonuka siki isikaribie konekta, kwa kuwa inakula shaba. Konekta za nje zifungwe kwa ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe, juu yake tepu nyeusi ya kawaida. Dirisha la luva lirudishie kioo chake. Kebo iliyobanwa na luva inabonyea, na kebo iliyobonyea si tena ya omu 50 pale ilipobonyea.

Narudi kwenye "ethi safi", maana najua fundi wako atabishana. Wazo hili lina chanzo. Mtu anasikia kelele kwenye redio, au maikrofoni inamchoma mdomo akirusha, anaambiwa tatizo ni ethi chafu ya nyumba, apige yake. Hebu pima waya kutoka ghorofani kwako hadi ardhini, pamoja na mizunguko yake. Ukifika mita 10, umefika robo ya urefu wa wimbi kwenye 7 MHz, bendi ileile ya dipole yako. Waya wa robo wimbi uliofungwa kwenye ardhi upande wa chini, upande wa juu huikatalia redio karibu kabisa. Kwa mawimbi ya bendi hiyo ni sawa na kutofunga kitu. Kwa hiyo ethi safi ya ghorofani si safi na si ethi. Ni antena ya tatu ambayo hukuiombea leseni. Kelele zinazopanda kwenye wavu wa kebo kutoka kwenye balbu za LED, chaja na inveta za nyumbani zinazuiwa kwa feraiti, kauri nyeusi yenye chuma ndani yake: izungushie kebo mara kadhaa kwenye pete ya feraiti inayofaa bendi zako, moja kule antena inapoanzia na nyingine karibu na bamba. Dawa ya kelele ni hiyo, na haina uhusiano wowote na kutenga ethi.

Halafu kuna biashara zinazoniudhi zaidi ya ujinga. Wapo wanaouza aresta na kumwambia mteja aifunge kwenye meza, nyuma ya redio, na waya wake wa ethi auzungushe kwenye nondo ya dirisha. Aresta ni swichi: ndani yake mna kidonge cha gesi kinachowaka volti zikizidi, na kikiwaka kinahitaji pa kumwagia. Ukikipa waya mrefu mwembamba, kinamwagia kwenye redio. Redio ya wati 100 kwenye omu 50 ina kilele cha volti 100 tu, kwa hiyo kidonge cha volti 230 kinakutosha. Cha volti elfu moja, ambacho huuzwa kwa sifa ya kuwa "kikali", kinakuchelewesha tu. Wapo wa chumvi na mkaa: shimo linamwagiwa magunia, kipimo kinashuka siku ya makabidhiano, masika inasafisha chumvi, na kilichobaki kinaila rodi. Wapo wanaochomoa kebo na kutumbukiza konekta kwenye chupa ya glasi. Radi imetoka mawinguni, imepasua kilomita za hewa, wao wanaiwekea ukuta wa milimita tatu. Na wapo, tusifiche, wa kufunga kitambaa chenye dawa kwenye kenchi na kukutoza mbuzi.

Sisi wa kanda ya maziwa hatuna nafasi ya michezo hii. Milima ya Kivu, ng'ambo ya Congo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani. Kabare, iliyo hukohuko Kivu, inahesabiwa ya pili baada ya Ziwa Maracaibo kule Venezuela. Juni 2011 radi iliua watoto 18 katika shule moja ya msingi Uganda, huko Runyanya. Baadaye shule hiyo iliwekewa kinga kamili na wataalamu, na kinga ile inahusu hayohayo ninayokuchosha nayo: nyaya nene zinazoshuka kwa nje, na ardhi iliyounganishwa.

Kwa hiyo hata asiyejua redio ni nini asome hapa. Dishi la king'amuzi lililo juu ya bati lina wavu uleule wa koaksi unaoingia kwenye televisheni. Kamera ya CCTV ya getini ina waya unaotoka ardhi nyingine kuingia sebuleni kwako. Na sola ndiyo imekuwa balaa jipya: fremu za paneli zinapigiwa rodi yao uani, inveta imefungwa kwenye ethi ya nyumba, na kati yao kuna bodi ya elektroniki ya bei mbaya inayofanya kazi ya daraja niliyoieleza. Ikiungua, mteja anaambiwa ni betri. Mwambie aliyekufungia akuonyeshe kwa kidole waya unaounganisha rodi hizo. Akianza kukueleza kuhusu ubora wa paneli zake, waya haupo.

Wasomaji walio Uingereza wanisubiri kidogo. Nyumba nyingi huko zinachukua ethi kwenye nyutro ya kampuni ya umeme, mfumo wa PME, na nyutro hiyo ikikatika barabarani ethi yote ya nyumba inaweza kuwa na umeme, pamoja na mlingoti wako na rodi yake. Huko pia wanaunganisha, lakini waya usipungue milimita 10 za mraba na fundi umeme aangalie kwanza. Chama chao cha redio, RSGB, kina maelekezo yake.

Mwisho, kuchomoa. Chomoa, tena mapema, kabla ngurumo haijasikika, maana ukishaisikia umeshaingia kwenye eneo la hatari. Chomoa kebo kwa nje pale kwenye bamba, na chomoa pia plagi ya umeme, kwani radi ya nguzo ya tatu barabarani inaingilia soketi wakati wewe unajisifu umekata antena. Kebo iliyochomolewa iache kwenye boksi nje, usiiingize chumbani.

Kabla ya kuanza kuchimba, funua udongo kwenye rodi ya mbele uone kama klampu bado imeshika. Kwa nyumba nyingi ninazokwenda, waya umelala pembeni ya rodi, umekatika siku nyingi, na RCCB (ile swichi inayokata umeme ukivuja) haijawahi kubonyezwa kitufe chake cha majaribio tangu nyumba ihamiwe. Kama yako iko hivyo, rekebisha hiyo kwanza, redio itasubiri.